Mboji kwa Mama, Faida kwa Dalali

Mizani ya udanganyifu imelaaniwa katika Kurani na katika Biblia, wala sina haja ya kumthibitishia hilo mtu yeyote aliyelelewa vyema. Basi mbona lumbesa, yaani gunia lililojazwa kupita kipimo, inapita barabarani mchana kweupe? Sheria ya vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Sisi tunayaona malori yamesheheni magunia yaliyotuna hadi yakashonewa kofia ya kamba, nasi tunayapisha njia!

Nayasema haya kwa sababu siku hizi kila mwenye gari la mradi anapanda milima ya Uluguru kuwahimiza kina mama waache mbolea za dukani na sumu za kunyunyizia. Ushauri ni mwema. Mama wa Mgeta anayelima kabichi na karoti kwenye miteremko ile anajua udongo umechoka. Samadi, matandazo, maji ya mwarobaini, kunde kati ya mistari: mengine bibi yake aliyatumia kabla mtaalamu hajazaliwa. Lakini tusisahau kwamba mwaka 1955, mkoloni alipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi, huko Matombo, katika milima hiyo hiyo, palichafuka kwa ghasia. Hawakuwa wavivu wale. Walikataa kazi nzito ya shuruti wasiyoiona faida yake.

Na mboji ni kazi nzito. Majani yakatwe, samadi ibebwe kichwani, lundo ligeuzwe, palizi irudiwe. Misimu ya mwanzo mavuno yaweza kushuka kabla udongo haujapata nguvu. Halafu anakuja dalali na lumbesa yake, analipa bei ile ile anayomlipa aliyenyunyiza sumu juzi. Punda afe, mzigo wa bwana ufike! Nani atageuza lundo mwaka wa pili?

Njia ipo. Tangu 2007 Afrika Mashariki ina kiwango chake cha kilimo hai, na ipo alama ya Kilimohai ya kuyatambulisha mazao yake. Wakulima wadogo wanaweza kujiunga vikundi wakakaguana wenyewe, shamba kwa shamba, bila kumlipia nauli mkaguzi kutoka Ulaya. Hongereni kina mama, maana ninyi mnaoweka na kukopeshana kila wiki mtu mmoja kwa mwingine mkiaminiana, kukaguana mashamba hakuwashindi.

Hapo sina budi kuwageukia akina baba. Waluguru hurithi ardhi upande wa mama, na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 imempa mwanamke wa kabila lolote haki sawa na mwanamume. Bado siku ya mauzo baba hutokea sokoni na koti lake, yeye ambaye wakati wa palizi alikuwa anaumwa mgongo. Mwanamume mzima, jembe hulishiki, noti unazishika?

Na hizi semina jamani! Mama anaitwa mjini, anafundishwa mboji kwa picha za ukutani, anapewa fulana na maji ya chupa, anapigwa picha. Posho nene wanaondoka nayo waliokuja na gari. Maneno matupu hayavunji mfupa, na fulana hairutubishi shamba. Fedha ya semina moja ya hotelini ingenunua mizani ya kijiji na chenji ikabaki.

Wewe nawe msomaji wa Dar es Salaam, usicheke. Karoti iliyolala kwenye jokofu la duka kubwa unailipia bila kunung'unika, lakini fungu la mchicha la mama aliyepanga chini unalidai nyongeza, kisha unalalamika kwamba mboga za siku hizi zina sumu. Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Viongozi wa vijiji, wekeni mizani katika soko la Nyandira kule Mgeta na katika kila soko la milimani. Kilo zisomwe kwa sauti mbele ya mwenye mzigo. Lumbesa ifunguliwe papo hapo na kinachozidi kilipiwe. Malipo yaingie kwenye simu ya mama aliyelima, si ya mumewe.