Mchezo Bila Mlezi Haumkomazi Kijana



Wazazi wengi hulalamika kwamba vijana wao wanapenda mchezo kuliko kazi. Lalamiko hilo lina ukweli, lakini tiba yake si kupiga marufuku mchezo, kwani kijana aliyenyimwa mchezo wa barazani huutafuta wa mafichoni. Swali la msingi ni hili: anacheza nini, na nani yuko karibu naye anapocheza?

Tuchukue bao, mchezo tuliorithi kwa wazee wetu. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji ana kete 32. Huanza na kete 10 ubaoni, sita kati yake zikiwa ndani ya nyumba, na 22 zilizobaki huziingiza moja moja kwa kunamua. Kijana hujifunza mapema kwamba nyumba ni akiba. Akiitumia kwa pupa, hupungukiwa baadaye. Akiing'ang'ania bila hesabu, mpinzani huila yote. Hujifunza pia kushindwa mbele ya watu na kumpa mkono aliyemshinda.

Hata hivyo, bao halisemi. Mtu anaweza kuwa bingwa barazani na mfujaji nyumbani. Kinachohitajika ni mkubwa anayeketi na kijana mchezo unapokwisha na kumuuliza, “Kwa nini uliitumia nyumba mapema vile? Ulitazamia nini?” Kisha, bila kumuaibisha, alihamishe swali: “Na zile fedha za matumizi ya mwezi uliopita, mbona ziliisha wiki ya kwanza?” Hapo ndipo mchezo unapogeuka kuwa stadi ya maisha.

Mfano mpana zaidi uko Mathare, Nairobi, ambako jumuiya ya michezo ya vijana ijulikanayo kama MYSA ilianzishwa mwaka 1987. Katika ligi zake za kandanda, timu hupata pointi si kwa ushindi wa uwanjani pekee, bali pia kwa kuzoa taka na kusafisha mitaa yao. Vijana wakubwa huwafundisha wadogo. Mpira ndio unaowaita. Usimamizi na wajibu ndivyo vinavyowalea.

Jambo hili ni zito zaidi leo, kwa kuwa kamari imevaa vazi la mchezo. Kijana hubashiri matokeo ya mechi kwa simu, peke yake usiku, pasipo wa kumwona wala wa kumuuliza. Bao humzoesha kuona kwamba alichovuna kimetokana na alichopanga. Kamari humzoesha kungoja kisicho jasho lake. Akipoteza ada ya shule, hukopa. Akishindwa kulipa, husema uongo. Kwamba kamari ni haramu, vijana wetu wanajua. Kukemea peke yake hakujawatosha.

Basi tufanye nini? Kwanza, kila familia imteue mkubwa anayeaminika, awe mjomba, shangazi au kaka, atenge saa moja kila wiki kucheza na kuzungumza na kijana, mahali pa wazi ambapo wazazi wanapajua. Pili, mabinti wasiachwe nyuma. Nao watasimamia fedha na familia. Tatu, mchezo usiwekewe dau, hata la soda. Nne, mlezi asigeuze kila mchezo kuwa mawaidha. Swali moja zuri lamtosha kijana, na jibu lake lisikilizwe hadi mwisho.

Kijana aliyezoea kuulizwa “kwa nini” na mtu anayempenda, atajiuliza mwenyewe siku atakapokuwa peke yake na simu mkononi. Allah atujaalie kuwa walezi wa namna hiyo. Amin.