Hoteli za ufukweni zisitufungie ziwa

Likitajwa neno hoteli ya ufukweni, wakazi wengi wa huku kwetu Carama hudhani ni mambo ya Wazungu, ya wakubwa wa mashirika na ya watu wenye magari ya vioo vyeusi. Ziwa Tanganyika liko pale pale, chini ya mji, lakini kulala kando yake usiku mmoja kwa raha hatukuhesabu kuwa ni jambo letu. Dhana hiyo imepitwa na wakati.

Mimi ni mwalimu. Nilikimbia nchi mwaka 1993 nikiwa mtoto, nikasomea kambini Mtabila, wilayani Kasulu, nikarudi nikiwa mtu mzima. Kwa wakimbizi wengi ziwa lilikuwa njia ya kuondokea, na baadaye njia ya kurudia. Kwa mfanyabiashara wa Kigoma au Uvira, ziwa ni mzigo, ushuru na usiku wa kusinzia juu ya magunia. Wachache wetu tumewahi kulitazama bila haraka.

Mwaka jana mimi na mke wangu tulilala katika hoteli moja ndogo iliyo kusini mwa jiji, kwenye barabara ya kwenda Rumonge. Ina vyumba visivyofika kumi. Kuta zimepakwa chokaa nyeupe, paa ni la nyasi, vitanda vimechongwa na maseremala wa hapa hapa, na ukutani vimetundikwa vikapu kama vile mama zetu wanavyosuka. Jioni jua lilizama nyuma ya milima ya Kongo, tukaletewa mukeke wa kuchoma, ndizi na lengalenga. Usiku taa za wavuvi wa ndagala zilitanda majini kama mji mwingine. Mlinzi alituonya tusiende gizani karibu na maji, kwa sababu kiboko hupanda kula majani.

Naeleza haya ili msomaji ajue kwamba uzuri wa mahali pale haukuagizwa kutoka ng'ambo. Ni vitu vyetu, vilivyopangwa na mtu mwenye jicho. Ndiyo maana hoteli ndogo ina faida ambayo jengo kubwa la ghorofa halina. Samaki hununuliwa kwa mvuvi jirani, mboga kwa mama wa bondeni, kitanda kwa fundi wa mtaani, na kijana aliyemaliza shule hupata kazi karibu na kwao.

Hata hivyo, tulipofika getini askari alituuliza, "Mzee, mnamtafuta nani?" Mke wangu akamjibu, "Tunatafuta chumba, mwanangu." Kijana alishangaa kweli. Ndani, karatasi ya bei haikuwapo. Tulitajiwa bei baada ya kutazamwa kuanzia kichwani hadi viatuni. Kosa hilo si la hoteli ile peke yake. Ni mazoea, na mazoea hayo ndiyo yanayomfanya mwananchi ajione mgeni kwenye ziwa lake.

Kwa maoni yangu wenye hoteli wanapaswa kuzingatia mambo matatu.

Kwanza, bei iandikwe ukutani, na njia ya kwenda majini isizibwe. Kwenye pwani ya Kenya na Zanzibar malalamiko ya wavuvi na wanavijiji kufungiwa njia za ufukweni ni ya muda mrefu. Sisi tuna nafasi ya kujifunza kabla kuta hazijaungana.

Pili, ziwa liheshimiwe. Sheria ya maji ya mwaka 2012 iliweka mita 150 kutoka ukingo wa Tanganyika kuwa eneo lisilojengwa. Aliyeidharau alijibiwa na ziwa lenyewe. Maji yalipanda sana katika miaka ya 1960, na yakapanda tena kuanzia 2020 hadi 2024, yakaingia katika baa na hoteli za ufukweni, huku wananchi wa Gatumba wakihama nyumba zao. Ziwa hili lina mto mmoja tu wa kutolea maji, Lukuga, ulioko upande wa Kongo. Mvua ikizidi, maji hayana pengine pa kwenda ila kupanda ukingoni. Atakayejenga nyuma ya mita hizo atakosa hatua chache za mandhari, lakini mtaji wake utabaki mkavu.

Tatu, na hili ndilo zito zaidi kwetu tuliorudi, ijulikane kiwanja ni cha nani. Rumonge na Nyanza-Lac, kando ya ziwa hili hili, ardhi za waliokimbia mwaka 1972 ziligawiwa watu wengine. Tume ya ardhi iliundwa mwaka 2006, na kesi zake zilizua maneno mengi. Hoteli nzuri juu ya shamba la mtu ambaye bado anadai haki yake haiwezi kuwa nzuri, hata ikipakwa chokaa mara kumi. Mwekezaji aulize majirani na wazee kabla ya kuchimba msingi.

Na sisi wananchi tuna wajibu wetu. Mfanyabiashara aliyeuza mzigo vizuri asione haya kuchukua chumba na mwenzake, wakagawana gharama. Wanaorudi kutoka Tanzania wakiwa na watoto ambao hawajawahi kuona upande huu wa ziwa wawapeleke, hata kama ni kwa soda moja tu na mchana mmoja. Tuulize bei bila kuogopa, tudai risiti, na tukiona pameharibika tuseme. Mlango usiobishwa na wenyeji huishia kuwa wa wageni peke yao.

Desturi ya kupokea watu kwenye ufuo huu ni ya zamani kuliko hoteli. Stanley na Livingstone walilala Mugere mwaka 1871, na jiwe la kumbukumbu liko pale hadi leo. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Hoteli ndogo za ufukweni zitakuwa zimetimiza msemo huo pale mvuvi, fundi na mwenye shamba watakapopona kwanza.