Mgeni Njoo, Mgeni Apone

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Filamu za mapenzi na vichekesho zinazomleta msomi wa jiji katika mji mdogo zimeugeuza msemo huo. Humo mgeni ndiye anayepona na mwenyeji ndiye dawa. Anakuja daktari, wakili au meneja aliyechoshwa na jiji. Gari limemharibikia njiani, au bosi wake amemtuma. Nusu saa ya kwanza anawadharau wenyeji, kisha anampata wa kumpenda, na mwisho anaamua kubaki. Sisi watazamaji tunafurahi. Hoja yangu ni kwamba furaha hiyo inatuzoesha wazo baya: kwamba mji mdogo hupata huduma pale tu unapompendeza mtu fulani. Nitaipima hoja hiyo kwa mji ambao watengenezaji wa filamu hizi hawauwazii kabisa, yaani Mucojo, katika pwani ya Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji.

Tuanze na mfano maarufu. Katika Doc Hollywood (1991), Michael J. Fox anaigiza Ben Stone, daktari kijana aliye safarini kwenda Beverly Hills kutafuta utajiri katika upasuaji wa kurembesha sura. Akipita South Carolina anabomoa kwa gari lake ua wa hakimu wa mji mdogo uitwao Grady, na hakimu anamhukumu kufanya kazi katika hospitali ya mji. Tazama hapo: kuwatibu watu wa Grady ni adhabu. Baadaye Ben anampenda Lou, dereva wa gari la wagonjwa, na adhabu inageuka mapenzi. Kati ya adhabu na mapenzi filamu haina neno la tatu. Neno lililokosekana ni haki. Hakuna anayeuliza kwa nini mji mzima utegemee ajali ya barabarani ili upate wa kumrithi daktari wao mzee.

The Grand Seduction (2013), iliyotokana na filamu ya Kifaransa ya Quebec ya mwaka 2003, inasema wazi zaidi. Kijiji cha wavuvi huko Newfoundland, Kanada, kinataka kiwanda, na sharti la kiwanda ni kuwa na daktari mkazi. Wanakijiji wanajifanya wapenzi wa kriketi kwa sababu daktari anaipenda. Wanasikiliza simu zake kwa siri ili wajue anachokitamani, na wanamdondoshea noti njiani ili ajione mwenye bahati. Inachekesha kweli. Lakini ukiuondoa muziki, unabaki na watu wazima waliofanya kazi baharini maisha yao yote, wakiigiza mbele ya kijana mmoja ili wasikose daktari.

Sasa twende Mucojo. Ni makao ya tarafa katika wilaya ya Macomia, mji wa wavuvi unaotazama Bahari ya Hindi. Wenyeji wengi ni Wamwani, na lugha yao, Kimwani, iko karibu sana na Kiswahili, hata wanaisimu wamebishana kama ni lahaja yake au lugha ya peke yake. Lugha rasmi ni Kireno. Basi mlete Ben Stone wa Kimsumbiji kutoka Maputo, zaidi ya kilomita 2,000 kwa barabara. Kule Grady daktari na mgonjwa wanasema lugha moja, kwa hiyo kutoelewana kwao ni utani wa mavazi na vyakula. Mucojo mama anaeleza kwa Kimwani homa ya mtoto ilianza lini, na daktari anasubiri mtu wa kumfasiria. Kichekesho kinaishia hapo. Swali la kwanza la filamu ya kweli lingekuwa nani ajifunze lugha ya nani, nami sijaona filamu ya aina hii inayolijali.

Tena mji mdogo wa filamu hauna historia. Umesimama tu ukimsubiri mgeni. Mucojo haikuachiwa nafasi ya kusimama. Vita vya Cabo Delgado vilianza Mocímboa da Praia tarehe 5 Oktoba 2017. Tarehe 25 Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliipiga pwani hiyohiyo. Mwanzoni mwa 2024 wapiganaji wenye silaha waliingia Mucojo na kuishika. Mei mwaka huohuo mji wa Macomia wenyewe ulivamiwa, na shirika la Madaktari Wasio na Mipaka likalazimika kusitisha kazi zake huko. Madaktari hao hawakuondoka kwa kukosa kuupenda mji. Mapenzi hayajengi zahanati iliyochomwa, wala hayalindi barabara ya kupitishia dawa.

Hata mwelekeo wa safari ni mwingine. Mwaka 2020 maelfu ya watu wa pwani hiyo walikimbia kwa majahazi na mitumbwi, wengi wakashukia ufukwe wa Paquitequete mjini Pemba. Hapo mtu wa mji mdogo ndiye aliyeingia jijini, bila kutaka na bila kupendeza. Waliompokea wengi wao walikuwa watu wenye vyumba viwili na sufuria moja. Hawakumuuliza atawaburudisha kwa lipi. Hao ndio waliouelewa msemo wa wahenga.

Najua nitaambiwa: hiki ni kichekesho tu, mbona unakibebesha mzigo wa wizara? Najibu kwamba kicheko huingia pale hotuba isipoingia. Mtu akishacheka mara kumi kwamba kupangiwa kazi kijijini ni mkosi, hahitaji kufundishwa tena. Siku akipewa barua ya kituo cha mbali ataisoma kama hukumu ya yule hakimu wa Grady. Wengine watasema filamu hizi zinausifu mji mdogo: watu wake wakarimu, hewa yake safi. Sifa hizo ndizo ninazozikataa. Je, mji wa watu wakali na hewa nzito usipate daktari?

Wapo pia watakaonitajia Swades (2004), na hao nawapa haki yao. Shah Rukh Khan, mhandisi wa NASA, anakwenda kijijini Charanpur kumtafuta mama aliyemlea. Anamkuta mwalimu Gita, na pamoja na wanakijiji anatengeneza umeme wa maji. Filamu hiyo inataja matabaka na umaskini bila kuona haya, na wanakijiji wanashika majembe wenyewe. Hata hivyo, taa ya Charanpur inawaka kwa sababu moyo wa mtu mmoja uliguswa. Na vijiji visivyo na mlezi wa mhandisi yeyote?

Msumbiji yenyewe iliwahi kuwa na jibu lingine. Baada ya uhuru wa 1975 madaktari wengi Wareno waliondoka. Serikali ikataifisha huduma za afya, na madaktari wapya wakapelekwa wilayani. Mpango huo ulikuwa na upungufu mwingi, na vita vilivyofuata viliuvunja vibaya. Lakini msingi wake ulikuwa sahihi: daktari hakuulizwa kwanza kama wilaya imempendeza. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Jembe hilo si adhabu wala zawadi ya uchumba. Ni kazi, yenye mshahara, nyumba na ulinzi.

Sisemi tuache kuandika mapenzi. Nawaomba wenzangu wanaochukua somo la uandishi wa tamthilia na filamu waache kuiga Grady. Muuguzi wa Kimwani apendane na mvuvi au na mwalimu, tena wachekeshe sana. Vichekesho vipo tele katika ofisi inayoandika kwa Kireno barua za kuwajibu watu walioomba dawa kwa Kimwani. Ila wapenzi hao wakigombana na kuachana katika onyesho la mwisho, zahanati ifunguliwe Jumatatu kama kawaida. Na wahadhiri wetu, mkitusahihishia miswada, tukateni alama kila tunapoujengea mji hospitali kwa busu.