Injini ya Mazda haikupigwa marufuku kwa sababu ilishinda

Nimekuwa kimya hapa kwa wiki kadhaa na nawaomba radhi. Si kazi iliyonizuia. Nilikuwa nakata patipati kuukuu kwa wembe, nikitengeneza injini.

Wanaonijua wanaujua ugonjwa wangu. Wengi wetu tulisukuma magari ya waya utotoni, yenye tairi za patipati na usukani mrefu wa mti, kisha wenzangu wakakua wakaacha. Mimi sikuacha. Nilihamia tu kwenye magari madogo ya plastiki ya kipimo cha 1/24, yale unayounganisha kwa gundi na kupaka rangi mwenyewe usiku watu wakiwa wamelala. Lililo karibu na tarakilishi yangu ni Mazda 787B, nambari 55, rangi ya machungwa na kijani, kutoka Tamiya ya Japani. Lina urefu wa karibu sentimita 20 na limenigharimu macho kuliko miaka yote ya kuandika programu.

Leo nina la kusema kuhusu gari hilo, na ni la kujikosoa. Kwa miaka mingi nimewasimulia watu hadithi hii: mwaka 1991 Mazda ilienda Le Mans, kule Ufaransa, na injini isiyo na pistoni, ikawashinda wakubwa wote, wakubwa wakakasirika, na mwaka uliofuata wakaipiga marufuku. Hadithi tamu, sivyo? Mdogo anamshinda mkubwa, mkubwa anabadilisha sheria. Mkenya gani ataikataa? Tatizo ni kwamba si ya kweli, na kuna mtu aliyeniamini akalipa kwa pesa zake.

Tuanze na lililo kweli. Tarehe 22 na 23 Juni 1991, Johnny Herbert, Volker Weidler na Bertrand Gachot waliendesha 787B kwa zamu kwa saa 24, wakamaliza mizunguko 362. Nyuma yao zilifuata Jaguar tatu, ya kwanza kati ya hizo ikiwa imeachwa mizunguko miwili. Mercedes iliyokuwa ikiongoza ilipata joto kupita kiasi na kukwama katika saa za mwisho. Herbert alishuka garini akiwa amekaukiwa maji mwilini, hata jukwaani hakufika. Ilikuwa mara ya kwanza kampuni ya Japani kushinda mbio hizo. Toyota ilisubiri hadi 2018. (Na hapa mashabiki wenzangu hukohoa: Mazda iliruhusiwa kuwa na kilo 830 wakati Jaguar na Mercedes zilibeba 1,000. Kilo 170 kwa saa 24 si mchezo. Nilizoea kuiruka sehemu hii.)

Injini yenyewe iliitwa R26B. Kwa ambaye hajawahi kuona injini ya rota: wazia kasha lenye umbo la ganda la karanga ya punje mbili. Ndani yake kuna rota yenye pande tatu zilizovimba kidogo. Inapozunguka, ncha zake tatu hugusa ukuta wa kasha muda wote, na nafasi kati ya rota na ukuta hupanuka na kubanwa: vuta hewa na petroli, bana, lipua, toa moshi. Hakuna pistoni za kupanda na kushuka, hakuna vali. R26B ilikuwa na rota nne kwenye shafti moja, plagi tatu kwa kila rota, na tarumbeta za kuvuta hewa zilizorefuka na kufupika zenyewe kufuatana na mwendo wa injini. Ilitoa nguvu farasi takriban 700 kwenye mizunguko 9,000 kwa dakika. Sauti yake itafute mtandaoni, lakini punguza sauti ya spika kwanza kama kuna mtoto amelala.

Sasa marufuku. Wasimamizi wa mbio walikuwa wameamua kabla ya 1991 kwamba magari ya daraja hilo yahamie injini za pistoni za lita 3.5 zisizo na turbo. Magari ya kanuni hiyo mpya yalikuwa machache mno, kwa hivyo yale ya zamani, Mazda ikiwemo, yakaruhusiwa kukimbia tena mwaka 1991. Yaani Mazda ilikwenda Le Mans ikijua kwamba hiyo ni nafasi ya mwisho. Mwaka 1992 ikarudi na gari lenye injini ya Judd, V10 ya pistoni. Hakuna aliyekaa kikao cha hasira baada ya bendera kushushwa.

Kama mnataka cha kukasirikia, kipo, na ni kikubwa zaidi. Kanuni ya zamani, ya Kundi C iliyoanza 1982, ilisema hivi kwa kifupi: leta injini yoyote utakayo, lakini mafuta yako ya mbio nzima ni haya tu. Nyinyi wenzangu wa programu mtaielewa mara moja. Ni kama shindano linalosema andika kwa lugha unayotaka, kumbukumbu utakayotumia isizidi hapa. Mmoja akaleta turbo, mwingine V12 kubwa, mwingine rota nne, na wote wakakutana barabara moja. Kanuni mpya ilisema sote tuandike kwa lugha moja, na lugha yenyewe ilikuwa ile ya injini za Formula One za wakati huo. Kwa maoni yangu hilo ndilo lililoua injini za ajabu, wala si kijicho cha mtu aliyeshindwa. Kijicho kinasimulika vizuri zaidi, ndiyo maana kimeshinda.

Lakini nilisema kuna aliyelipa. Jirani yangu alinunua Mazda RX-8 iliyotumika, wakati ambapo gari la namna hiyo bado liliweza kuingia nchini. (Sheria yetu ya miaka 8 imeshaifungia mlango, RX-8 ya mwisho ilitengenezwa 2012.) Aliinunua kwa sababu yangu. Nilikuwa nimemjaza hadithi ya injini bora kiasi kwamba wazungu waliiogopa, na injini bora, mtu hudhani, haihitaji kubembelezwa. Akaitunza kama Premio: oili kwa fundi kila baada ya kilomita 5,000, katikati hafungui boneti. Jioni anaiwasha, anaisogeza mita kumi gari la mpangaji lipite, anaizima ikiwa bado baridi.

Injini ya rota haivumilii hayo. Ina pampu inayopeleka oili kidogo kidogo ndani ya chumba cha kulipukia, kwa makusudi, ili sili zilizo kwenye ncha za rota zisikauke. Kwa hivyo oili hupungua hata gari likiwa zima kabisa. Ukiizima baridi, plagi hubaki zimelowa petroli na kesho yake hukohoa bila kuwaka. Fundi wa kwanza alipima mbano kwa geji ya kawaida akasema injini haina shida. Geji hiyo huonyesha upande uliobana zaidi tu. Rota moja ina pande tatu na sharti zisomwe zote. Wa pili alizisoma zote, na habari haikuwa nzuri.

"Injini yako imekula karo ya mtoto," jirani aliniambia. Alikuwa anacheka, lakini hakuwa anacheka.

Hapo ndipo patipati ilipoingia. Nilitambua kwamba nimeitazama Mazda yangu ya plastiki kwa miaka, najua kila kibandiko kilipo, na sikuwahi kuelewa ncha ya rota inafanya nini ukutani. Nikaandika programu fupi ya kuchora kasha: x = e cos 3a + R cos a, na y hivyo hivyo kwa sin. Kwa rota ya 13B, ambayo vipimo vyake ndivyo vya R26B, e ni milimita 15 na R ni 105. Upana ni 80. Zidisha 3 kwa kipeuo cha pili cha 3, kisha kwa hizo tatu, unapata 654 cc. Mara nne ni 2,616. Nilipoona namba hiyo imetoka sawasawa nilipiga meza. Nikachapisha kwa kipimo cha 1/3, nikakata kasha la katoni na rota ya patipati, nikaisukuma kwa kidole.

Ndani ya dakika tano nilijifunza zaidi ya miaka kumi ya kusoma. Ncha haisimami wima ukutani: inalala upande mmoja, inanyooka, inalala upande wa pili, hadi karibu digrii 25, na wakati wote inakwaruza. Wahandisi wa Mazda walipambana na mikwaruzo hiyo kabla ya kuuza Cosmo Sport mwaka 1967. Waliiita kucha za shetani. Na chumba cha kulipukia ni kirefu na chembamba, moto una safari ndefu. Ndiyo maana ya zile plagi tatu, na ndiyo maana ya kiu ya petroli.

Hata kipimo chenyewe kina ujanja. Punguza rota hiyo kwa 1/5 na 654 inagawanywa kwa 125: cc 5.2. Kampuni ya O.S. ya Japani ilitengeneza injini ya rota ya ndege za modeli yenye karibu ujazo huo, cc 5, kuanzia miaka ya 1970. Lakini eneo la kuta hupungua kwa 25 tu, kwa hivyo kila cc ina ukuta wa kupoteza joto mara tano zaidi. Kidogo si kikubwa kilichosinyaa.

Mnaoniuliza kama bado naipenda: naipenda kuliko zamani. Mwaka 2023 Mazda iliirudisha, rota moja ya 830 cc ya kuzalisha umeme ndani ya MX-30, kazi ya utulivu inayoifaa. Ila hadithi ya marufuku sitaisimulia tena, na ukiisimulia mbele yangu nitakukatiza.

Jumapili jirani alikuja. Nikampa kasha la katoni, akazungusha rota kwa kidole mara nyingi bila kusema neno. Kisha akauliza oili inaingilia wapi, nikamwonyesha. Akaondoka nalo, akamwonyeshe fundi wake. Bado hajalirudisha.