Mtambo ni Mzima, Waya Umeharibika



Wengi wetu twaiita homa ya mafua ugonjwa mdogo. Lakini mwishoni mwa mwaka 1918 homa hiyo iliingia Katanga kwa njia ya reli kutoka kusini, ikaua watu wengi. Hata siku hizi, mara chache sana, huacha taabu ya macho. Homa imeshuka, kikohozi kinapungua, kisha mtoto asema, "Mama, sioni vizuri." Ukimtazama, macho yake ni safi, hayana usaha wala wekundu.

Hapo ndipo maneno mabaya huanza. Mmoja asema ni uchawi wa bibi jirani; mwingine aleta maji ya majani ayatie jichoni. Mimi nasema mambo hayo mawili ni makosa, tena ni hatari.

Fikirini mtambo wa umeme wa Mwadingusha, uliofunguliwa mwaka 1930 kwa nguvu ya maji ya Lufira. Waya ukikatika njiani, mtambo ni mzima, lakini nyumba za Likasi zimo gizani. Je, fundi atautengeneza mtambo? Jicho ni mtambo, ubongo ni nyumba, na kati yao upo mshipa wa fahamu. Mwili unapopigana na mafua, pengine askari wake hukosea, wakaushambulia mshipa huo. Au ubongo wenyewe huvimba. Dawa ya majani haifiki huko. Huunguza kioo cha jicho tu, na upofu ambao ungeweza kupona huwa wa kudumu.

Angalieni dalili: macho yauma yakigeuzwa huku na huku, rangi zimefifia, ukungu wazidi siku kwa siku. Mpelekeni mgonjwa hospitali siku ileile. Akiwa na shingo ngumu, degedege au usingizi mzito, msingoje hata saa moja. Mwambieni munganga dawa zote alizokunywa, maana kinini kupita kipimo nayo hupofusha. Munganga atapima damu kwa ajili ya malaria, na kuchunguza kama ubongo umeshikwa.

Wengi, hasa watoto, huona tena baada ya majuma au miezi, lakini si wote. Kwa hiyo kukawia ni hasara. Na yule bibi jirani, mwacheni akae kwa amani. Hakuukata waya.