Gitaa Lisikike, Masikio Yasife

Wapiga gitaa wa kwaya zetu wanaovaa vipokea sauti vya masikioni hulalamika kwamba gitaa linalia kama kopo, kisha huongeza sauti. Sisi tunasema hiyo si dawa. Mara nyingi kifaa hakijaziba sikio vizuri, ndipo besi hupotea. Tafuteni kimpira kinacholingana na sikio, punguzeni kinanda na ngoma, wala msichomoe upande mmoja. Sauti ya desibeli 85 kikomo chake ni saa 8 kwa siku. Ya 88, saa 4 tu. Vinyweleo vya ndani ya sikio vikifa havioti tena. Wazazi, kijana akisema masikio yanavuma baada ya Misa, msipuuze: apumzike, na yakiendelea aonwe na daktari.