Waraka wa Babu na Kishikwambi cha Mjukuu



Katika mabaraza yetu siku hizi hakosekani mzee wa kulalamika kuwa wajukuu wamelewa vishikwambi. Wapo wanaotaka vyombo hivyo vifungiwe kabatini mpaka mtoto amalize skuli ya msingi. Na wapo wanaompa mtoto chombo ili anyamaze, wakubwa wapate kunywa kahawa yao kwa utulivu. Makundi mawili haya, ingawa hayapatani, yamekubaliana katika jambo moja: kwamba kazi ya mtoto mbele ya kioo ni kutazama tu. Hapo ndipo ninapokhitalifiana nayo yote mawili.

Mimi nimekula mshahara wa ukarani kwa zaidi ya miaka thelathini, nikianza na taipureta na kumaliza na kompyuta. Barua isiyo na maana haikupata maana kwa kupigwa kwenye mashine mpya. Chombo humtumikia mwenye jambo la kusema. Asiye na jambo, yeye ndiye hukitumikia chombo.

Wazee wetu walilijua hilo. Mwaka 1928 Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay kurikodi nyimbo zake, na santuri hizo zikaifikisha sauti ya Kiswahili katika majumba ambayo yeye mwenyewe hakuyakanyaga. Baadaye, jamaa zilipokwisha kutawanyika, kaseti ilishika nafasi ya barua: mama aliyebaki Unguja huzungumza nusu saa nzima, na mwanawe aliyeko Maskati humsikia hata akikohoa, na jogoo akiwika nyuma yake. Lugha yetu ilipanda vyombo hivyo kama ilivyopanda majahazi, ikasafiri.

Mfano ulio karibu zaidi na darasa la watoto umetoka Tanga. Katika shindano la Global Learning XPRIZE, watoto karibu 3,000 wa vijiji 170 vya mkoa huo walipewa vishikwambi vyenye programu za kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili, vikichajiwa kwa umeme wa jua. Wengi wao hawakuwa wamewahi kukaa darasani, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili. Baada ya miezi 15, idadi ya wasioweza ilipungua kwa nusu. Mwaka 2019 tuzo ikagawanywa baina ya Kitkit School na onebillion, na programu za washindani watano wa mwisho zikaachwa huru ili kila atakaye azitumie.

Tusizidishe sifa: waliobaki bila ya kusoma hawakuwa wachache, na chombo hakikuwa mwalimu. Lakini mna funzo. Watoto wale hawakuwekwa kutazama. Walitakiwa waguse, waandike, wajibu, wakosee na warudie, na yote hayo kwa Kiswahili.

Hali ya wajukuu zetu ni kinyume cha ile. Vyombo wanavyo, skuli wanazo, Kiarabu wanakisoma na Kiingereza wanakisoma. Walichokosa ni Kiswahili, ambacho bibi zao hukitumia jikoni na wao hukijibu kwa lugha nyengine. Sidai kuwa Wizara ya Elimu iwafundishe Kiswahili. Hilo ni letu. Ninachodai ni kwamba mtoto wa miaka minane au tisa, mwenye kishikwambi na herufi za Kiarabu kichwani, ana uwezo ambao hata baba yake huenda hana, nasi tunauacha upotee.

Zingatieni nyaraka zilizomo masandukuni mwetu. Wazee waliandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu. Wengi wa watoto wetu waliosoma Uingereza hawazisomi herufi hizo. Mjukuu anazisoma, ila hafahamu anachokisoma. Bibi anafahamu, ila macho yamemtoka. Basi na wakae pamoja. Mtoto aupige picha waraka, aukuze kiooni, aanze kuusoma kwa sauti, na bibi amsahihishe.

Na kusahihishwa lazima kutakuwapo, kwani hapo ndipo penye ilimu. Kiarabu kina irabu tatu, Kiswahili tano. Na aghalabu waandishi wetu wa zamani waliiandika p kwa herufi ya b. Mtoto atasoma kwamba jahazi limeleta “baba”, na bibi atacheka mpaka machozi, kwa sababu aliyeletwa ni papa, yule samaki mkavu aliyekuwa akifika Unguja kutoka pwani za Arabuni. Kwa kosa hilo moja mtoto amejifunza neno, chakula, biashara na njia ya bahari iliyowaunganisha wazee wake. Hakuna mchezo wa kununuliwa utakaompa hayo.

Kisha aendelee. Arikodi sauti ya bibi akilitamka neno lile na kulieleza. Achore picha yake. Aliandike kwa herufi za Kilatini, na tena kwa za Kiarabu. Kibodi ya Kiajemi, ambayo simu nyingi zinayo, ina herufi za p, ch na g ambazo Kiarabu hakina. Neno moja kila Ijumaa ni maneno hamsini na ushei kwa mwaka. Hilo ni kamusi la familia, limetungwa na mtoto wa skuli ya msingi, na sauti ya bibi imo ndani yake.

Mtaniambia kuwa mtoto atatoroka kwenda kwenye michezo. Atatoroka, akiachwa peke yake chumbani. Chombo kiwe juu ya meza, baina yake na bibi, kwa nusu saa, kisha kizimwe. Na sauti za wazee zisitawanywe katika makundi ya simu bila ya idhini yao. Hiyo ni amana.

Jambo hili halingojei. Waliofika Oman baada ya 1970 wakiwa vijana, leo wako katika miaka ya sabiini na themanini. Wakiondoka, nyaraka zitabaki na vyombo vitabaki, ila wa kumwambia mtoto kwamba huyu si baba bali ni papa hatakuwapo tena. Kwa hiyo nawaomba: Ijumaa hii, kabla ya kahawa, fungueni sanduku, mtoeni mtoto waraka mmoja, mkamkalishe ubavuni mwa bibi yake.

Wabillahi tawfiq.